Orodha Kwanza, Dakika ya Kimya Baadaye: Kisa cha Klabu ya Besiboli na Marehemu Wake

Kisa hiki kinahusu klabu moja ya ligi ndogo ya besiboli nchini Marekani na hafla yake ya kuwakumbuka waliofariki, iliyofanyika mwanzoni mwa Aprili 2025. Jina la klabu, jiji, wafanyakazi na marehemu wa klabu vimeondolewa, na mambo madogo yanayoweza kuzitambulisha familia yamebadilishwa. Wachezaji na viongozi wa kitaifa wametajwa kwa majina kwa sababu vifo vyao vilitangazwa hadharani.

Usuli

Tangu 2021 klabu za ligi ndogo zilizo chini ya Ligi Kuu ya Besiboli, MLB, ni 120, zimegawanywa katika madaraja manne. Mchezaji hupita hapo akiwa kijana, akakaa msimu mmoja, pengine nusu msimu, kisha hupandishwa daraja, hubadilishwa na mwenzake wa timu nyingine au huachwa. Willie Mays alicheza mechi 35 tu Minneapolis mwaka 1951, akapiga kwa wastani wa .477, yaani karibu mapigo salama 48 katika kila majaribio 100, na mwezi Mei Giants, timu ya ligi kuu, wakamwita New York. Kwa hiyo klabu ya daraja hili iliyodumu miongo kadhaa ina wachezaji wa zamani zaidi ya elfu moja waliotawanyika nchi nzima, Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika, Venezuela na kwingineko. Wengi wao hawana mawasiliano nayo tena.

Wapo pia watu ambao hawakuvaa jezi: mameneja wakuu, wasaka vipaji, watangazaji wa redio, watunza uwanja, wahasibu, wauza tiketi. Hao ndio waliokaa hapo miaka 20 au 30, na mashabiki wa mji wanawajua kuliko wachezaji.

Kila mwaka, kabla ya mechi ya kwanza ya nyumbani, klabu hii huonyesha video fupi yenye majina ya waliofariki, kisha uwanja mzima husimama kimya. Majina hayohayo huchapwa katika jarida la mechi. Kazi ilikuwa mikononi mwa watu watatu: ofisa wa mawasiliano, mtu wa takwimu anayejitolea, na msimamizi wa matukio ya uwanjani. Hapakuwa na mwongozo ulioandikwa. Kila mwaka walifanya kama walivyofanya mwaka uliotangulia.

Mwaka wa 2024 ulikuwa mzito kwa besiboli, kwa kuwa wachezaji na viongozi wake kadhaa maarufu walifariki. Larry Lucchino alifariki tarehe 2 Aprili, Whitey Herzog tarehe 15 Aprili, Mays tarehe 18 Juni akiwa na miaka 93, Orlando Cepeda tarehe 28 Juni, Pete Rose tarehe 30 Septemba, Luis Tiant tarehe 8 Oktoba, Fernando Valenzuela tarehe 22 Oktoba, Rocky Colavito tarehe 10 Desemba, na Rickey Henderson tarehe 20 Desemba, siku 5 kabla hajatimiza miaka 66. Klabu iliamua kuwaweka hawa 9 mwishoni mwa video, baada ya marehemu wake yenyewe.

Mfuatano wa matukio

Novemba 2024 mtu wa takwimu alichukua orodha ya wachezaji wote wa klabu kutoka hifadhidata ya mtandaoni ya besiboli na kuwachuja wenye tarehe ya kifo ya mwaka huo. Alipata majina 13. Kisha akatafuta matangazo ya nyumba za mazishi na kurasa za tanzia za magazeti ya miji midogo kwa maneno mawili, jina la klabu na neno besiboli. Hapo akapata majina 6 zaidi ambayo hifadhidata haikuwa nayo. Jumla ikawa 19.

Mmoja wa hao 6 alikuwa mrushaji, yaani mchezaji anayemrushia mpigaji mpira, aliyechezea klabu msimu mmoja miongo kadhaa iliyopita. Tangazo la msiba, lililotoka jimbo la mbali, lilitaja jina kamili lilelile, mwaka uleule wa kuzaliwa, na kusema marehemu "alicheza besiboli ya ligi ndogo ujanani". Halikutaja klabu yoyote. Jina likaingizwa.

Januari 2025 maandishi ya video yaliandikwa. Februari ukurasa wa kumbukizi ulipelekwa kwa mchapishaji pamoja na jarida zima, nakala 4,000. Katikati ya Machi jarida likafika uwanjani katika maboksi, na nakala yake ya kielektroniki ikatumwa kwa baruapepe za wenye tiketi za msimu.

Siku 11 kabla ya mechi, msimamizi wa matukio alianza kuzipigia familia simu kuzialika. Simu ya nne ilipokewa na mke wa yule mrushaji. Mumewe alikuwa hai, nyumbani, chumba cha pili.

Siku 2 baadaye, kijana mmoja alipiga simu dirisha la tiketi kuulizia viti vya familia yake, kwa kuwa baba yake "atakumbukwa siku hiyo". Baba huyo alikuwa meneja mkuu wa klabu kwa zaidi ya miaka 15. Alifariki Februari 2025. Katika orodha hakuwemo, kwa kuwa orodha ilikomea tarehe 31 Desemba.

Siku hiyohiyo, mtu wa takwimu aliposoma upya maandishi ya video, aliona kwamba Mays amepewa mapigo salama (yanayomfikisha mpigaji kituoni) 3,283. Idadi hiyo ilikuwa sahihi mpaka Mei 2024. MLB ilipoingiza takwimu za Ligi za Weusi, za wachezaji waliozuiwa kucheza ligi kuu kwa sababu ya rangi, za 1920 hadi 1948 katika rekodi zake, mapigo 10 ambayo Mays aliyapata akiwa na Birmingham Black Barons mwaka 1948 yaliongezwa, ikawa 3,293. Mapigo yake 660 ya kuvusha mpira nje ya ukuta hayakubadilika.

Zilibaki siku 9. Kulikuwa na mtu hai katika ukurasa wa marehemu, marehemu nje ya orodha, na takwimu iliyopitwa na wakati juu ya mmoja wa wachezaji wakubwa kuliko wote waliowahi kushika gongo.

Maamuzi na sababu zake

*Kumwomba radhi aliye hai.* Meneja mkuu wa sasa alipiga simu mwenyewe siku ileile. Kosa la namna hii haliachiwi mfanyakazi wa ngazi ya chini, maana familia hutaka kusikia kwamba mkubwa wa klabu anajua. Aliomba radhi bila kueleza jinsi hifadhidata inavyofanya kazi, kisha akamuuliza mchezaji swali moja: angependa wenzake wa zamani waambiwe vipi? Mchezaji hakutaka tangazo uwanjani. Alichotaka ni kila aliyepokea jarida kwa baruapepe apate masahihisho kabla habari haijawafikia waliocheza naye.

Baruapepe ya masahihisho ilikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza ilisema mchezaji fulani yu hai na mzima. Ya pili ilisema ukurasa wa jarida ulikuwa na kosa la klabu. Ya tatu iliomba nakala ya zamani ifutwe na kuambatanisha mpya. Mpangilio huo ulikuwa wa makusudi: wengi husoma mstari wa kwanza tu kwenye simu zao, na mstari wa kwanza ukianza kwa neno "kifo" kosa linasambaa upya.

*Jarida lililokwisha chapwa.* Palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kubandika stika juu ya jina, lakini stika huonyesha wazi kuwa kuna kitu kimefichwa na kila mtu ataibandua aone. Ya pili ni kuchapa upya nakala zote 4,000, na mchapishaji hakuwa na nafasi kabla ya mechi. Ya tatu ni kubadilisha karatasi moja tu. Jarida lilikuwa la kukunjwa na kupigwa pini mbili mgongoni, kwa hiyo karatasi moja ni kurasa nne: ukurasa wa kumbukizi uliungana na kurasa zilizo upande wa pili wa kitabu. Kwa bahati karatasi hiyo ilikuwa ya katikati kabisa. Kurasa zake nyingine zilikuwa tangazo la mdhamini na jedwali la kuandikia matokeo ya mechi. Zote zilichapwa upya kwa mashine ya kidijitali kwa siku mbili, pini zikafunguliwa, karatasi mpya ikawekwa, pini zikafungwa. Watu sita walimaliza nakala 4,000 kwa jioni tatu. Karatasi hiyo ingekuwa ya nje zaidi, kazi isingewezekana kwa muda uliobaki.

*Mwisho wa kipindi.* Walikubaliana kwamba orodha ya mwaka ianze siku iliyofuata kufungwa kwa orodha ya mwaka uliotangulia na ifungwe siku 14 kabla ya mechi ya ufunguzi. Meneja mkuu wa zamani akaingia. Kwa upande wa kitaifa aliingia Bob Uecker, mtangazaji wa Milwaukee Brewers tangu 1971, aliyefariki tarehe 16 Januari 2025. Kwa kalenda ya Januari hadi Desemba, Uecker angesubiri hadi Aprili 2026, miezi 15 baada ya mazishi.

*Pete Rose.* Majadiliano ya jina lake yalikuwa marefu kuliko ya jina lingine lolote. Rose ndiye mwenye mapigo salama mengi kuliko mchezaji yeyote wa MLB, 4,256, na tangu Agosti 1989 alikuwa amefungiwa kwa kuweka dau katika mechi za timu aliyoiongoza mwenyewe. Siku klabu ilipokuwa ikiamua, jina lake bado lilikuwa katika orodha ya waliofungiwa. Kamishna wa MLB aliliondoa tarehe 13 Mei 2025, wiki kadhaa baada ya hafla. Klabu iliuliza ofisi ya ligi kwanza, ikaambiwa kumtaja si tatizo. Kisha ikaamua kila jina katika video liwe na vitu vitatu tu: jina, miaka ya kuishi, na alikohudumu. Neno "shujaa" liliondolewa kwa wote, "mkubwa" pia, na takwimu za sifa zikaondolewa kwa wote. Kwa njia hiyo Rose alitajwa kama alivyotajwa mtunza uwanja, na hapakuwa na haja ya kuhukumu maisha yake mbele ya familia nyingine zilizofiwa. Uamuzi huo pia ulimaliza tatizo la takwimu za Mays, kwani video haikuwa tena na takwimu. Idadi sahihi, 3,293, ilibaki katika jarida, ambako nafasi ipo na msomaji ana muda.

*Urefu na muziki.* Sekunde 5 kwa kila marehemu wa klabu na sekunde 4 kwa kila wa kitaifa. Kwa majina 19 na 10, pamoja na sekunde 8 za kufungulia na 7 za kufungia, video ikawa ya dakika 2 na sekunde 30. Zaidi ya dakika 3, watu uwanjani huanza kuzungumza, na familia zinawasikia. Muziki uliochaguliwa ulikuwa wimbo maarufu ambao leseni ya uwanja iliruhusu kupigwa hadharani. Leseni hiyo hairuhusu kuunganisha wimbo na video na kuiweka mtandaoni. Hilo ni haki tofauti inayoombwa kwa wenye wimbo. Jambo hili halikuzingatiwa.

*Picha.* Kadi za besiboli zilikataliwa kwa sababu picha ni mali ya kampuni iliyozichapa. Walitumia picha za vitabu vya msimu vya klabu yenyewe na zile zilizotolewa na familia kwa idhini ya maandishi. Kwa marehemu 3 ambao picha yao haikupatikana, waliweka picha ya uwanja wa zamani wa klabu, ileile kwa wote 3, badala ya kivuli cha mtu asiye na sura. Kivuli kinaumiza.

*Bendera.* Walishusha nusu mlingoti bendera ya klabu. Ya taifa waliiacha, kwa sababu agizo la kuishusha hutoka kwa rais au gavana.

Matokeo

Hafla ilifanyika dakika 25 kabla ya mpira wa kwanza, mara tu kabla ya wimbo wa taifa, wakati watu wamekwisha kusimama na kuvua kofia. Familia 11 zilihudhuria. Zilikaa safu moja karibu na lifti, zikapewa nafasi za kuegesha magari upande huohuo, na mablanketi, kwani usiku wa Aprili katika mji ule ni wa baridi kali. Mpango wa mvua ulikuwa umetumwa kwao mapema: mechi ikiahirishwa, hafla inahamia mechi ya nyumbani inayofuata, na waliosafiri kwa ndege watapokelewa ofisini jioni ileile.

Mtangazaji wa uwanja alisoma majina kutoka karatasi iliyoandikwa matamshi kwa silabi, kama kila familia ilivyoyatamka kwenye simu. Hakukosea hata moja. Skrini kubwa, kinyume chake, ilimkosea marehemu mmoja mwenye jina la Kihispania: fonti yake haikuwa na herufi ñ, ikaonyesha kisanduku cheupe. Jaribio la mchana lilifanywa kwenye kompyuta ya ofisini, ambayo fonti yake ilikuwa kamili.

Video ilipowekwa mtandaoni kesho yake, ilizimwa sauti ndani ya saa chache kwa sababu ya haki za wimbo. Ilibaki bubu siku 2 mpaka ilipopandishwa upya na kinanda kilichorekodiwa na mpigaji wa uwanja mwenyewe.

Mwezi Juni barua ilifika kutoka kwa binti wa msaka vipaji aliyefanya kazi na klabu kwa miaka mingi. Baba yake alifariki Oktoba 2024. Alikuwa ndani ya kipindi kwa vyovyote vile kingehesabiwa, ila hakuna aliyejua.

Uchambuzi

Watu wanapozungumzia kumbukizi huzungumzia hafla: kimya, muziki, sauti ya mtangazaji. Katika kisa hiki hafla ilikwenda vizuri karibu yote. Kilichoumiza watu ni orodha, na orodha iliharibika kwa sababu tatu zinazoweza kutenganishwa.

Sababu ya kwanza ni mpangilio wa kazi. Simu kwa familia zilichukuliwa kama mwaliko, kwa hiyo zikawekwa mwishoni, baada ya uchapaji. Kumbe simu hiyo ndiyo uhakiki bora kuliko wote. Ingepigwa Januari, mke wa mrushaji angepokea simu ya aibu kidogo badala ya kugundua kuwa nakala 4,000 zinamtaja mumewe kuwa marehemu. Namna ya kuanza simu hiyo pia ina uzito. Asiyejua hali ya mtu asianze kwa rambirambi. Maneno yaliyotumika baadaye yalikuwa: "Napiga kutoka klabu aliyoichezea fulani. Tunasasisha kumbukumbu zetu za wachezaji wa zamani. Je, nimepiga mahali sahihi?" Kisha kunyamaza na kusikiliza. Mwenye msiba atasema mwenyewe.

Sababu ya pili ni utambulisho. Jina na mwaka wa kuzaliwa havitoshi katika besiboli. New York Mets ya 1962 ilikuwa na warushaji wawili walioitwa Bob Miller katika timu moja, msimu mmoja. Katika orodha ya watu elfu na zaidi, majina pacha ni jambo la kutarajiwa. Kanuni iliyopitishwa baada ya kisa hiki inataka vitambulisho vinne, na angalau vitatu vikubaliane: jina kamili pamoja na la kati, siku na mwezi wa kuzaliwa, mji wa kuzaliwa, na klabu iliyotajwa kwa jina ndani ya tangazo la msiba. Neno "alicheza ligi ndogo" halihesabiwi. Maelfu ya wanaume wa Marekani walijaribiwa kwa wiki moja katika kambi ya mazoezi, na familia, kwa upendo wa haki kabisa, huandika kwamba alicheza.

Wengine hufikiri orodha ya serikali ya vifo ingemaliza tatizo. Haimalizi. Tangu sheria ya bajeti ya Desemba 2013, asiye na kibali maalumu hapewi taarifa za vifo vya ndani ya miaka 3 katika faili ya vifo ya Hifadhi ya Jamii, idara ya serikali ya Marekani inayolipa pensheni, na kumbukizi inahitaji vifo vya mwaka huu. Kinachosaidia kweli ni gazeti la mji alikozaliwa marehemu, nyumba ya mazishi, na watafiti wa kamati ya wasifu ya SABR, jumuiya ya utafiti wa besiboli iliyoanzishwa katika mji wa Cooperstown, jimbo la New York, mwaka 1971, ambao wamezifuatilia tarehe za kuzaliwa na kufa za wachezaji kwa miongo mingi. Maktaba ya Jumba la Mashujaa wa Besiboli hapo Cooperstown ina jalada la kila mchezaji aliyewahi kucheza ligi kuu, hata wa mechi moja. Kwa aliyeishia ligi ndogo, jalada hilo halina uhakika, na ndiyo maana klabu yake ina wajibu mkubwa zaidi.

Tarehe nayo ina mtego wake. Henderson alifariki tarehe 20 Desemba 2024 na habari ikatangazwa rasmi kesho yake. Vyanzo vinavyonakili siku ya habari badala ya siku ya kifo hutofautiana kwa siku moja, na vinapogongana mtu asiyejua hudhani ni watu wawili. Tarehe ya kuchapwa iwe ile iliyotajwa na familia au cheti.

Sababu ya tatu ndiyo nzito, na klabu nyingi haziioni: orodha ilianzia kwenye hifadhidata ya wachezaji. Hifadhidata ya wachezaji inajua waliopiga na waliorusha. Mtu aliyejenga uwanja hayumo. Chukua mfano wa Larry Lucchino. Akiwa rais wa Baltimore Orioles alisimamia uwanja wa Camden Yards uliofunguliwa Aprili 1992 na kubadilisha namna viwanja vya besiboli vinavyojengwa Marekani. Baadaye aliongoza timu za San Diego na Boston, na mwishoni mwa maisha yake alikuwa mwenyekiti wa Worcester Red Sox, klabu ya ligi ndogo yenye uwanja uliofunguliwa 2021. Katika jedwali la takwimu hana mstari hata mmoja. Au Whitey Herzog, ambaye ana mistari ya mchezaji na ya kocha mkuu aliyeipa St. Louis Cardinals ubingwa wa 1982, lakini miaka yake ya kusaka vipaji na kulea vijana wa Mets haionekani popote katika jedwali hilo. Kwa hawa wa kitaifa magazeti hujaza pengo. Kwa meneja mkuu wa klabu ndogo na msaka vipaji wake hakuna anayejaza.

Wasaka vipaji ndio huachwa zaidi. Hawaishi mjini, hawakai ofisini, na mara nyingi mshahara wao hulipwa na klabu kubwa, kwa hiyo hata katika daftari la mishahara la klabu ndogo hawamo. Binti aliyeandika Juni hakulalamika. Alituma nakala ya ripoti ambayo baba yake aliiandika juu ya mchezaji mmoja ambaye klabu humtaja kila mwaka kwa fahari, na akauliza kama wanajua ni nani aliyemwona kwanza. Hilo ndilo swali linalopaswa kuulizwa katika kila kikao cha kuandaa orodha.

Dawa iliyopatikana ni ya mikono. Vitabu vya msimu vya zamani vina ukurasa wa mbele wenye majina na vyeo vya wafanyakazi wote. Kurasa hizo zilipigwa picha moja moja, majina yakaandikwa katika jedwali lenye safu saba: jina kamili, cheo, miaka ya kazi, siku ya kuzaliwa ikijulikana, mji wa mwisho unaojulikana, ndugu wa kuwasiliana naye, na tarehe ya mara ya mwisho kuhakikiwa. Safu ya mwisho ndiyo inayolifanya jedwali liishi: kila mwezi hupigwa simu kwa majina yaliyokaa muda mrefu zaidi bila kuhakikiwa. Simu hizo huwapata watu wakiwa hai, na mazungumzo yake ni ya namna nyingine kabisa. Mchezaji wa zamani Dave Parker alichaguliwa kuingia Jumba la Mashujaa Desemba 2024, akafariki tarehe 28 Juni 2025, na mwanawe ndiye aliyesoma hotuba yake jukwaani tarehe 27 Julai. Dick Allen, aliyechaguliwa pamoja naye, alikuwa amefariki tangu Desemba 2020. Valenzuela aliiona namba yake 34 ikistaafishwa na Los Angeles Dodgers, yaani haitavaliwa tena na mchezaji mwingine, Agosti 2023, miezi 14 kabla ya kifo chake. Klabu inayosubiri msiba ndipo itafute namba ya simu imechelewa.

Kwa klabu za Afrika Mashariki jedwali hili ni rahisi sasa kuliko litakavyokuwa tena. Uganda ilipeleka watoto wa Lugazi kwenye mashindano ya dunia ya ligi ya watoto huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, na mwaka 2022 Dodgers waliwasaini vijana wa Kiganda. Waliofundisha kizazi hicho, walioazima viwanja na walioshona mipira wengi wapo na wanapatikana. Jina kamili, siku ya kuzaliwa na ndugu mmoja wa kuwasiliana naye ni kazi ya dakika 5 kwa kila mtu.

Kati ya yaliyofanikiwa, mawili yanastahili kunakiliwa bila mabadiliko. La kwanza ni kuondoa sifa katika video. Meneja mkuu wa zamani, mtunza uwanja na Willie Mays walipata aina ileile ya mstari, na familia za klabu zilisema hilo liliwagusa kuliko picha. La pili ni karatasi ya matamshi. Inagharimu swali moja kwenye simu ambayo tayari inapigwa.

Lililobaki bila jibu ni nafasi ya aliyekosewa upande wa pili. Tangazo la msiba lililochanganya lilimhusu mtu mwingine, marehemu halisi, ambaye familia yake iliandika kwamba alicheza besiboli ujanani. Klabu haikuwatafuta. Wajumbe wawili walisema hakuwa mtu wao. Mmoja alisema jina lake lilikaa wiki mbili kwenye ukurasa wa klabu na angalau barua ya pole ilistahili. Barua haikuandikwa.

Utaratibu uliotumika msimu uliofuata

Orodha inafungwa siku 14 kabla ya mechi ya ufunguzi, na simu zote kwa familia zinakamilika kabla ya chochote kupelekwa kwa mchapishaji. Ukurasa wa kumbukizi umewekwa karatasi ya katikati ya jarida kwa makusudi. Kila jina lina sahihi za watu wawili waliolihakiki kwa vyanzo tofauti. Jaribio la video hufanywa kwenye skrini yenyewe ya uwanja, na majina yenye á, é, ñ na ü hutangulia. Muziki ni wa mpigaji kinanda wa klabu. Agosti kuna usomaji wa pili, bila video, kwa waliofariki baada ya orodha kufungwa na kwa waliosahaulika mwezi Aprili. Jina la msaka vipaji lilisomwa hapo kwanza, na ripoti yake iliwekwa kwenye kabati la kioo mlango wa kuingilia wasaka vipaji.